Mashimo ya Mbinga na Deni la Kesho

Umatengoni kuchimba mashimo ni kazi ya kale kuliko mgodi wowote. Kwenye miteremko mikali ya Mbinga, mkoani Ruvuma, kusini mwa Tanzania, nyasi hukatwa, huachwa zikauke, kisha hulazwa kwa mistari inayokatana hadi mlima mzima ugawanyike miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa kwa jembe na kutupwa juu ya nyasi zile, likainuka tuta pande zote nne na kubaki shimo la kunywesha ardhi maji ya mvua. Maharage hupandwa juu ya tuta, mahindi hufuata, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Ndiyo ngoro, iliyolisha Wamatengo tangu kabla ya Mjerumani. Naitaja kwanza kwa sababu inatupa kipimo ambacho mijadala ya madini huwa inakikwepa: faida ya shimo hupimwa kwa hali ya ardhi baada ya mavuno. Historia ya uchimbaji kuanzia Ngaka, kwenye makaa ya mawe ya Mbinga, hadi Liparamba, mpakani na Msumbiji, inaonyesha kwamba kipimo hicho kinapaswa kuwekwa kabla ya sururu kugusa mwamba, kwa sababu baadaye hakuna anayebaki wa kudaiwa.

Makaa ya mawe ya upande huu hayakugunduliwa jana. Mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt aliyaandika mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1932 G. M. Stockley akachapisha uchunguzi wake wa makaa ya bonde la Ruhuhu. Hata hivyo, uchimbaji wa kibiashara Ngaka ulianza mwaka 2011, chini ya Tancoal, ubia wa kampuni ya Intra Energy ya Australia na Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC. Jiwe lilikuwapo muda wote. Kilichokosekana ni njia na mnunuzi. Mnunuzi wa uhakika alipatikana mwaka 2016, Serikali ilipozuia makaa kutoka nje na viwanda vya saruji vikalazimika kugeukia Mbinga. Vita ya Ukraine ilipopandisha bei mwaka 2022, malori yakawa yanasafirisha makaa zaidi ya kilomita 600 hadi bandari ya Mtwara, yakapakiwe meli za ng'ambo. Kila mara uamuzi ulitoka mbali, na uchumi unaoinuliwa na bei ya mbali unaweza kuangushwa na bei hiyohiyo.

Mkoa wa Ruvuma uliwahi kuliona hilo. Katikati ya miaka ya 1990 yakuti za Tunduru zilivuta maelfu ya watu, na wanunuzi kutoka Thailand na Sri Lanka wakajaa mjini. Mwaka 1998 habari za yakuti za Ilakaka, Madagaska, zilipoenea, wanunuzi wengi walihamishia mitaji huko. Hawakuvunja mkataba wowote, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameudai.

Wapo watakaosema kwamba nchi maskini haina ubavu wa kudai: ukibana masharti, mwekezaji anakwenda kwa jirani. Jirani tunaye, na jibu analo. Mwaka 2009 Malawi ilifungua mgodi wa urani wa Kayelekera, wilayani Karonga, katika bonde la Ziwa Nyasa. Kwa kupewa 15% ya hisa, ilikubali kushusha kodi ya faida kutoka 30% hadi 27.5%, na mrabaha kutoka 5% hadi 1.5% kwa miaka mitatu ya mwanzo, kisha 3%. Masharti yalikuwa laini, lakini bei ya urani iliporomoka baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima, na mwaka 2014 uzalishaji ukasimamishwa. Unafuu ule haukuuzuia mgodi kufungwa; ulipunguza tu kilichoingia hazina wakati mgodi unazalisha. Maji yaliyokusanyika mgodini nayo yaliendelea kuhitaji kusafishwa na kusimamiwa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, kwa kuwa ni la mchimbaji mdogo. Katika machimbo ya dhahabu ya Mpepo, wilayani Nyasa, mawe hupandishwa kutoka kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji, husagwa kwa karasha, huoshwa kwenye mwalo, yaani mahali pa kuoshea, kisha zebaki hukamata dhahabu na kuchomwa motoni. Moshi wake huingia mapafuni, na mabaki hufuata maji. Utamwambiaje mtu anayetafuta ada ya mtoto afikirie ardhi ya miaka 20 ijayo? Kwa mahubiri hatasikia. Lakini mwaka 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio, ikafungua masoko ya madini, na dhahabu nyingi iliyokuwa inauzwa kwa magendo ikaanza kupita kwenye masoko hayo. Uaminifu ulipokuwa na nafuu kuliko ukwepaji, watu waliuchagua. Hata mwalo wa pamoja wenye mtambo usiotumia zebaki utafuatwa kwa hesabu hiyohiyo, ukimwachia mchimbaji dhahabu nyingi zaidi.

Zana za kisheria zipo. Sheria ya Madini ya 2010 ina kifungu cha dhamana ya kurudishia mazingira. Marekebisho ya 2017 yaliipa Serikali hisa zisizopungua 16% katika migodi mikubwa na kuitaka kampuni kukubaliana na halmashauri kila mwaka kuhusu huduma kwa jamii. Halmashauri hupata pia ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo. Hatari ni kuzila fedha hizo kama mshahara wa kudumu. Makaa yataisha au yatakosa mnunuzi, hasa dunia inapoyakimbia. Kahawa ya Mbinga, samaki wa Mbamba Bay na pori la akiba la Liparamba vinaweza kubaki, ikiwa maji na barabara vitabaki. Kwa hiyo ushuru wa makaa uende kwanza kwenye barabara za vijijini, miche ya kahawa na vyanzo vya maji, na dhamana ya kufukia mashimo ilipwe bei ikiwa juu. Anayesema ni mapema mno kuzungumzia kufunga mgodi aulizwe ni nani atakayelipa bei ikishaanguka.