Jino la kauri lilivyolishinda tanuri

Mwaka 1774, katika mji wa Saint-Germain-en-Laye karibu na Paris, mfamasia Alexis Duchâteau aliyachoka meno yake ya bandia. Yalichongwa kutoka jino la kiboko, na kila siku yalizidi kunuka. Akaenda kiwanda cha kauri kuomba atengenezewe mengine. Yalipotoka tanurini yalikuwa yamesinyaa, hayakumwenea.

Tatizo hilo ndilo lililoongoza historia yote ya jino la kauri. Chembe za unga wa kauri zikiungua husogeleana, nafasi kati yake zikajifunga, na umbo zima likapungua. Kwa sahani si hoja. Mdomoni, kauri ikifunika jino, mwanya wa sehemu chache za kumi za milimita unatosha kupitisha mate na bakteria, na jino lililo chini likaoza.

Mwishoni mwa karne ya 19, Charles Land wa Detroit, Marekani, alianza kufinyanga taji la kauri, yaani kifuniko cha jino, juu ya karatasi nyembamba ya platinamu iliyobanwa kwenye umbo la jino. Fundi alilijenga kubwa kuliko lilivyotakiwa, akalichoma, akajazia palipopungua, akalichoma tena. Kipimo kilikuwa jicho lake, na ustadi huo ulichukua miaka kujifunza.

Tarehe 19 Septemba 1985, Chuo Kikuu cha Zurich nchini Uswisi kilionyesha njia nyingine. Daktari wa meno Werner Mörmann na mhandisi Marco Brandestini walipiga picha ya jino kwa kamera, kisha mashine ikachonga kizibo kutoka kipande cha kauri kilichokwisha kuchomwa kiwandani. Kwa kuwa moto ulikwisha kupita, hapakuwa na kusinyaa. Hata hivyo, mashine hiyo ya kwanza haikuweza kuchonga sehemu ya kutafunia. Daktari aliimalizia kwa mkono.

Kisha ikaja zirkonia, kauri ngumu mno. Ikishaiva huchosha vichongeo, hivyo maabara nyingi huichonga ikiwa bado laini kama chaki. Programu huongeza ukubwa wa taji kwa asilimia 20 hadi 25, kulingana na kiwango cha kusinyaa kilichopimwa na kiwanda kwa kila toleo la malighafi. Baada ya saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, taji hurudi kwenye kipimo chake. Kusinyaa hakukukomeshwa, kulihesabiwa.

Hesabu hiyo haijamwondoa fundi. Akiingiza kiwango kisicho cha toleo hilo, taji zima ni hasara. Yeye ndiye anayechagua rangi, anayepima mng'ato, na anayekataa kazi isiyokaa sawa. Mgonjwa anastahili kujua kwamba nyuma ya jino lake jipya yupo mtaalamu huyu, na vyuo vyetu vya afya vinastahili kumfundisha kwa uzito uleule vinaompa daktari.