Makinikia na Funzo la Kampuni Tanzu

Wanafunzi wangu huniuliza ni nini huamua ufanisi wa kampuni tanzu ya kigeni. Wengi hutaja mtaji, teknolojia na meneja hodari. Mimi huwarejesha Bulyanhulu. Acacia, kampuni tanzu ya Barrick ya Kanada, ilikuwa na yote hayo. Lakini Machi 2017 serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje, mapato yake yaliporomoka, na wachimbaji wa Kahama wakapoteza ajira. Mwaka 2019 Barrick ilinunua hisa zote za wabia wengine. Ikaundwa Twiga, Tanzania ikipewa asilimia 16. Dhahabu ilikuwa ileile. Makubaliano ndiyo yaliyobadilika. Mkataba usioridhisha nchi mwenyeji hauidhuru nchi peke yake: huiangusha hata kampuni iliyoshangilia kuupata.