Kutoka Unga wa Yanga hadi Chipsi Mayai: Unene Wetu Una Historia

Kutana na mama yeyote Mtaa wa Kongo, Kariakoo, umwambie, "Mbona umekonda hivi?" Atashtuka. Mwambie "umenawiri", atacheka na kujibu kwamba Mungu anasaidia. Lugha hii haikuja bure. Ina historia, na bila kuijua historia hiyo, ushauri wetu wa lishe utaingia sikio hili na kutokea lile.

Tuanze na jina lenyewe. Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi na lishe duni. Yaani soko letu kubwa la chakula limebeba jina la watu walioshinda njaa.

Tusogee hadi miaka ya 1970. Ukame wa 1973 na 1974 ulileta mahindi ya njano kutoka nje, na watu wakauita ule unga "yanga". Jengo la soko alilolibuni msanifu Beda Amuli lilifunguliwa 1975, lakini baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 watu walipanga foleni kutafuta unga, sukari, hata sabuni. Mwaka 1984 serikali ikaanza kulegeza masharti ya biashara, na bidhaa zikarudi madukani. Muda huohuo Ukimwi ukaingia. Mtu akikonda, majirani wananong'ona.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya bibi aliyeyapitia hayo yote. Kwake wembamba ulikuwa njaa, kisha ukawa ugonjwa. Mjukuu mnene ni ushindi. Utamlaumu?

Shida ni kwamba sahani imebadilika kuliko kumbukumbu zetu. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati ya wanga au protini ina 4 tu. Ndiyo maana viazi vya kuchemsha na chipsi mayai si chakula kimoja, hata kama kiazi ni kilekile. Soda moja ya mililita 300 huwa na sukari ya vijiko vya chai kama 8. Sembe nayo imekobolewa, kiini na pumba vimeondoka pamoja na nyuzinyuzi na vitamini nyingi.

Matokeo tunayaona kwenye takwimu za kitaifa. Wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, wakafika 28 katika utafiti wa 2015-16. Katika utafiti huohuo, asilimia 34 ya watoto chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na mama mwenye presha na mtoto aliyedumaa, na wote wanakula chungu kimoja. Tumbo kujaa si lishe.

Dawa si kumpa mtu aibu. Dona, kunde, choroko, mchicha, matembele na dagaa vyote vipo sokoni. Mtoto afungiwe kiazi kitamu au ndizi badala ya kupewa hela ya soda, na mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu.

Halafu tubadilishe na salamu. Tukikutana tuulizane, "Una nguvu? Unalala vizuri? Presha umepima lini?" Bibi alitupigania tusife njaa, na alishinda. Zamu yetu sasa ni kuhakikisha ushindi wake hautuui.