Mwalimu akifa, daftari ibaki: kumukumbuka Stefano Kaoze, mutoto wa Marungu



Matangazo ya matanga munayajua: jina la marehemu, mahali pa kilio, saa ya maziko. Kama marehemu ni mwalimu ao mutu aliyejitolea kwa ajili ya kijiji, watu wanafika wengi, na kila mumoja anasema: "Huyu alitufundisha sisi wote." Kisha siku arobaini zinapita. Miaka kumi inapita. Mutoto anauliza: alizaliwa wapi? Alianza kufundisha mwaka gani? Nani walikuwa wanafunzi wake wa kwanza? Kila mutu anamuangalia mwenzake, hakuna jibu.

Leo tunawaletea habari ya mwalimu mumoja wa jimbo letu ambaye jina lake halikupotea. Ni Padri Stefano Kaoze, aliyefariki mwaka 1951 hapa Kalemie, wakati muji ulikuwa ungali unaitwa Albertville. Tutaona maisha yake, na kisha tutajiuliza swali moja: sababu gani yeye tunamukumbuka, na walimu wengine wengi tumewasahau?

Mutoto wa milima

Kaoze alikuwa Mutabwa, wa milima ya Marungu, kusini mwa Kalemie. Siku ya kuzaliwa kwake haikuandikwa popote. Wenye kuandika historia wanaiweka katika miaka ya 1880 na kitu. Angalieni vizuri: hata yeye, mutu mwenye kujulikana hivi, mwanzo wake hauna tarehe.

Aliikuta inchi katika magumu. Misafara ya biashara ya watumwa ilikuwa imevunja vijiji vingi kandokando ya ziwa. Mwaka 1883, mwanajeshi Mubelgiji Émile Storms alijenga kituo pale Mpala, katikati ya Kalemie na Moba, na mwaka 1885 kituo kile kikapewa Mapadri Weupe. Watoto wengi wa kwanza wa masomo ya misioni walikuwa mayatima ao watoto waliokombolewa katika utumwa. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1900, ugonjwa wa malale ukaua watu wengi kwenye ufuko wa ziwa.

Ni katika wakati kama ule Kaoze aliingia masomo ya Mpala, mwishoni mwa miaka ya 1890. Askofu Victor Roelens alikuwa amefungua pale seminari ndogo, na wengi waliona ni kazi bure: walisema kijana mweusi hataweza Kilatini wala filozofia. Kaoze aliweza. Alisoma zaidi ya miaka 15, Mpala na kisha Baudouinville, muji ambao leo tunauita Moba.

Tarehe 21 Julai 1917, pale Baudouinville, Roelens alimupa upadri. Alikuwa Mukongomani wa kwanza kuwa padri katika nyakati zetu. Tunasema "katika nyakati zetu" kwa sababu zamani sana, katika ufalme wa Kongo kule magharibi, kulikuwa mapadri wenyeji tayari, na mutoto mumoja wa mufalme, Henrique, alifikia hata uaskofu katika miaka ya 1500. Lakini ule muti ulikuwa umekatika. Kaoze ndiye aliyeupanda upya, tena huku kwetu mashariki.

Mufikiri pia ulikuwa wakati gani. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa havijaisha. Reli kutoka Kabalo ilikuwa imefika Kalemie mwaka 1915 tu, na mashua za vita Mimi na Toutou zilikuwa zimeingizwa majini hapahapa ili kupigana na Wadachi kwenye ziwa. Watu wetu walikuwa wanabebeshwa mizigo ya jeshi. Katika fujo ile yote, mutoto wa Marungu akasimama mbele ya altare.

Mwalimu mwenye kalamu

Hata mbele ya kuwa padri, Kaoze alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Katika miaka ya 1910 na 1911, gazeti moja la Ubelgiji, La Revue Congolaise, lilitoa maandiko yake yenye kichwa La psychologie des Bantu. Padri Arthur Vermeersch, Mujezwiti Mubelgiji aliyekuwa ametembelea Kongo, alisaidia maandiko yale yatoke. Wasomi wengi wanayahesabu kuwa andiko la kwanza la Mukongomani kutolewa kwa Kifaransa.

Ndani yake kijana yule anaeleza akili, nia na tabia za watu wake. Leo tunaweza kuona ni jambo la kawaida. Wakati ule haikuwa kawaida hata kidogo. Wazungu walikuwa wanaandika vitabu juu ya watu weusi bila kuwauliza watu weusi wenyewe. Kaoze alichukua kalamu ileile na lugha ileile, akasema: sisi tunafikiri, na namna yetu ya kufikiri ni hii.

Kisha hakuacha. Alifundisha vijana katika seminari, akaandika juu ya desturi na historia ya Watabwa, mambo ambayo wazee walikuwa wanayashika kichwani tu. Mwaka 1920 alisafiri hadi Ulaya pamoja na Askofu Roelens. Mwaka 1933 akaanzisha misioni ya Qua Mungu katika Marungu.

Katikati ya pande mbili

Tusimufanye kuwa malaika. Maisha yake yalikuwa magumu kwa namna yake. Misioni ya wakati ule ilikuwa na nguvu kama serikali: ilikuwa na mashamba, ilikata maneno ya watu, ilikataza dawa na ibada za mababu. Kaoze alikuwa ndani ya nyumba ile. Lakini alikuwa pia mutoto wa wale walioambiwa waache vya baba zao. Mutu wa namna ile anasimama kwenye kivuko: upande huu wanamwona kuwa wa ngambo, upande wa ngambo wanamwona kuwa wa huku.

Baada ya vita vya pili vya dunia, aliwekwa katika tume ya serikali ya kulinda wenyeji. Tume ile haikuwa na nguvu nyingi, lakini Mukongomani kukaa mule ndani na kusema matata ya watu wake lilikuwa jambo jipya. Miaka michache kisha, akafariki. Alikuwa amefanya kazi ya upadri karibu miaka 34. Uhuru hakuuona: ulibaki miaka tisa.

Mwaka 2017, Kanisa la Kongo lilikumbuka miaka mia moja tangia upadri wake.

Na walimu wetu?

Sasa turudilie swali letu. Kaoze anakumbukwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, yeye mwenyewe aliandika. Ya pili, wengine waliandika juu yake. Hakuna siri ingine. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mutu ni hivyohivyo.

Jimbo la Tanganyika, toka liliptengwa na Katanga mwaka 2015, limepita katika moto. Vita kati ya Watwa na Waluba viliteketeza vijiji na masomo mengi, zaidi katika miaka ya 2016 na 2017. Kuko walimu waliofundishia chini ya muti, katika kambi za wakimbizi, bila mushahara. Katiba ya mwaka 2006 inasema masomo ya musingi ni ya bure, na tangia Septemba 2019 serikali imeanza kuitekeleza, lakini hata leo kuko walimu wanaongojea jina lao liingie kwenye liste ya malipo. Kuko pia wajitoleaji: wareko wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba, mama wanaofundisha wenzao kusoma, wazee wa kamati ya wazazi waliofyatua matofali ya darasa kwa mikono yao. Wakifa, wanapata wimbo na maua. Daftari, hapana.

Kwa hiyo, kama katika kijiji chenu mwalimu ao mujitoleaji amefariki, fanyeni haya mbele siku arobaini hazijaisha, wakati watu wangali pamoja:

Moja, muandike jina lake lote, mahali alipozaliwa, na majina ya wazazi. Kama tarehe haijulikani, andikeni jambo lililotokea wakati ule: njaa, vita, maji ya ziwa kupanda.

Mbili, muandike masomo yote aliyofundisha, moja baada ya ingine, pamoja na miaka.

Tatu, muulize wanafunzi wake watatu ao wane: neno gani alipenda kusema? Alikuwa anafanya nini na mutoto aliyeshindwa? Sauti zao munaweza kuzichukua hata kwa telefone.

Ine, musifiche magumu. Kama hakulipwa, andikeni. Kama aligombana na wakubwa kwa ajili ya watoto, andikeni.

Tano, daftari zikuwe mbili: moja kwa jamaa, moja kwa masomo. Moto ao mvua ikichukua moja, ingine inabaki.

Na kama mwalimu angali muzima, ni vizuri zaidi. Nendeni mukae naye jioni moja, mumuulize yeye mwenyewe. Siku ya kuzaliwa ya Kaoze hakuna aliyeiandika, na leo hakuna wa kumuuliza.