Mchezo wa mapigano mezani: unavyotengenezwa kwa gharama ndogo

Mchezo wa mapigano madogo ya mezani huchezwa na watu wawili. Kila mmoja anaongoza kikundi cha sanamu ndogo za wapiganaji, mara nyingi 5 hadi 10. Meza haina visanduku kama ubao wa drafti. Sanamu husogezwa kwa kupima umbali kwa rula, na dadu huamua nani amepiga na nani amekosa.

Chimbuko lake

Mwaka 1913 mwandishi wa Uingereza H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni, pamoja na mizinga midogo ya springi iliyorusha vipande vya mbao. Baadaye zikaja kampuni zinazouza kanuni na sanamu kwa pamoja. Mchezo wa majeshi makubwa unataka makumi ya sanamu za kununua, kuunganisha na kupaka rangi, na wengi huishia hapo kwa kukosa fedha.

Kanuni zisizofungwa na sanamu

Njia nyingine ilionekana mwaka 2007, Mwitaliano Andrea Sfiligoi alipotoa Song of Blades and Heroes. Aliuza kanuni peke yake, na mchezaji hutumia sanamu zozote alizonazo. Eneo la kuchezea halizidi sana sentimita 90 kwa 90.

Kila mpiganaji ana namba mbili kuu: ya umahiri na ya kupigana. Zamu ikifika, mchezaji huchagua kurusha dadu 1, 2 au 3 kwa mpiganaji mmoja. Kila dadu inayofikia namba ya umahiri au kuipita humpa tendo moja, kama kusogea au kushambulia. Dadu 2 au zaidi zikishindwa, zamu huhamia kwa mpinzani, hata kama wapiganaji wengine hawajaguswa.

Tuchukue mpiganaji mwenye umahiri wa 3. Akirushiwa dadu 1, hawezi kupoteza zamu. Dadu 2 zina hatari ya asilimia 11 hivi, na dadu 3 asilimia 26. Mpiganaji dhaifu mwenye umahiri wa 4 akirushiwa dadu 3, hatari ni nusu kwa nusu. Kanuni hiyo moja inamlazimisha mchezaji kupima tamaa yake kila mara, bila kadi wala vifaa vya ziada.

Ukitaka kutunga wako

Anza na idadi ya sanamu, kwa sababu gharama kubwa iko hapo. Sanamu 5 kwa kila upande zinatosha. Tumia dadu ya kawaida yenye pande 6. Wakati wa majaribio, vizibo vya soda vilivyoandikwa namba vinafanya kazi ya sanamu, kama vinavyofanya kazi ya kete za drafti vijiweni. Maboksi ya karatasi ngumu yanakuwa nyumba, mawe yanakuwa milima.

Kazi ngumu ni kupanga bei za pointi. Kila mpiganaji hupewa bei kulingana na uwezo wake, na pande zote hutumia jumla moja. Bei ya mmoja ikiwa ndogo kuliko uwezo wake, wote watamchukua huyo huyo na mchezo utakufa. Dawa ni kurudia pambano lile lile mara nyingi, wachezaji wakibadilishana vikundi, na kuandika matokeo. Kikundi kimoja kikishinda karibu kila mara, yeyote anayekiongoza, bei zake zipandishwe.

Mwisho, wape kanuni watu ambao hawajawahi kuuona mchezo, ukae pembeni bila kuwaeleza neno. Sentensi watakayoisoma mara tatu ndiyo ya kuandika upya. Karatasi za kanuni zitakapofika mji mwingine, wewe hutakuwepo kuzifafanua.