Subira ya Miaka 41 kwa Ajili ya Wachache



Juma hili tumeona vema tuwaalike kutafakari pamoja nasi historia ya dawa moja. Huenda baadhi yenu mtajiuliza: Padre na dawa wapi na wapi? Tuvumilianeni kidogo. Historia hii ina jambo la kutufundisha juu ya kazi, juu ya subira, na zaidi ya yote juu ya thamani ya mgonjwa ambaye wenzake ni wachache.

Mwaka 1845 madaktari wawili, John Hughes Bennett wa Edinburgh na Rudolf Virchow wa Berlin, kila mmoja kwa upande wake, waliandika juu ya wagonjwa waliofariki wakiwa na bandama kubwa mno na damu iliyobadilika rangi. Virchow aliupa ugonjwa huo jina lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya damu nyeupe. Ndiyo lukemia, yaani saratani ya damu. Ina aina nyingi. Tunayoizungumzia leo ni lukemia sugu ya mieloidi, ambayo madaktari huiita kwa kifupi CML. Katika ugonjwa huu uboho, ule uliomo ndani ya mifupa, huzalisha chembe nyeupe za damu bila kiasi. Huanza polepole, mgonjwa asijue lolote. Baada ya miaka michache hubadilika ghafla na kuwa mkali, na hapo kifo hakikuwa mbali.

Tiba zilikuwa dhaifu. Katika karne ya 19 walijaribu arseniki. Baadaye walielekeza mionzi kwenye bandama. Katika miaka ya 1950 ikaja dawa ya busulfani. Zote zilipunguza chembe nyeupe kwa muda, lakini hazikuugusa mzizi wa ugonjwa. Kupandikiza uboho kuliwaponya baadhi, ila kulihitaji mtu wa kuutoa ulio sawasawa, na wengine walifia katika tiba yenyewe. Kwa ufupi, daktari alikata matawi, mti ukaendelea kuota.

Mzizi ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1960 katika mji wa Philadelphia, Marekani. Peter Nowell alikuwa amesuuza vioo vyake vya hadubini kwa maji ya kawaida ya bomba, na chembe zikavimba hata kromosomu zikatawanyika na kuonekana vizuri. Akashirikiana na kijana David Hungerford, aliyezijua kromosomu. Wakakuta kwamba katika chembe za wagonjwa wa CML kromosomu moja ilikuwa fupi isivyo kawaida. Ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Kwa nini ilikuwa fupi? Hawakuweza kueleza.

Jibu lilichukua miaka 13. Janet Rowley wa Chuo Kikuu cha Chicago alikuwa mama wa watoto wanne wa kiume, na kwa miaka mingi alifanya kazi siku chache tu za juma ili apate kuwalea. Picha za kromosomu alizikata kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya chakula nyumbani, na watoto wake wakamtania kwamba mama anacheza na wanasesere wa karatasi. Mwaka 1973, katika kupanga huko, aliona kwamba kipande kilichokosekana hakikupotea. Kromosomu namba 22 na kromosomu namba 9 zilikuwa zimebadilishana vipande.

Katika miaka ya 1980 watafiti wengine walionyesha matokeo ya mabadilishano hayo. Jeni mbili ambazo kwa kawaida hukaa mbalimbali huunganika, na jeni hiyo mpya hutengeneza kimeng'enya kisichojua kupumzika. Kimeng'enya cha kawaida ni kama bomba lenye koki: hufunguliwa na kufungwa kwa mahitaji ya mwili. Hiki koki yake imekatika ikiwa wazi, na usiku na mchana huziamuru chembe ziongezeke.

Hapa ndipo anapoingia mtu tunayependa kumtazama kwa karibu zaidi, Dkt. Brian Druker, aliyezaliwa Minnesota mwaka 1955. Alijiuliza swali jepesi: kama ugonjwa mzima unatokana na kimeng'enya kimoja, kwa nini tusikizibe hicho kimoja na kuziacha chembe nzima zikae salama? Wengi waliona haiwezekani, kwa kuwa mwili una vimeng'enya vingi vya jamii hiyo vinavyofanana. Huko Uswisi, katika kampuni ya Ciba-Geigy, Nicholas Lydon na wenzake walikuwa wakitengeneza vizuizi vya namna hiyo. Mwaka 1993 Druker alihamia Portland, Oregon, na mara akamtafuta Lydon. Akatumiwa sampuli kadhaa, akazijaribu, na moja ikaziua chembe zenye ugonjwa huku ikiziacha nyingine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996. Ndiyo dawa tunayoijua leo kwa jina la imatinibu.

Ndugu wapendwa, mtadhani kwamba baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. La hasha. Mwaka huo huo 1996 Ciba-Geigy iliungana na Sandoz ikawa Novartis. Kulikuwa na hofu ya madhara yaliyoonekana kwa wanyama. Kulikuwa pia na hesabu. Nchini Marekani waliokuwa wakigundulika na CML kwa mwaka walikuwa takriban 5,000 tu. Je, soko dogo namna hiyo lingerudisha gharama? Lydon mwenyewe aliondoka katika kampuni. Druker, ambaye alikuwa na wagonjwa mbele ya macho yake, hakuacha kuomba na kusukuma. Hatimaye, mwezi Juni 1998, mgonjwa wa kwanza alipewa dawa hiyo.

Lililofuata liliwashangaza hata waliolitumaini. Kati ya wagonjwa 54 ambao dawa za awali zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia, na ambao sasa walipewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 damu yao ilirudi katika hesabu ya kawaida. Wagonjwa wakapashana habari kwa intaneti. Mwaka 1999 maelfu walitia sahihi barua kwa mkuu wa Novartis, wakiomba dawa itengenezwe kwa wingi, na kampuni ikaongeza uzalishaji. Tarehe 10 Mei 2001 serikali ya Marekani iliidhinisha imatinibu. Tangu kromosomu fupi ilipoonekana ilikuwa imepita miaka 41. Utafiti mkubwa uliowafuatilia wagonjwa ulionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya walioanza na dawa hii, zaidi ya asilimia 83 walikuwa hai baada ya miaka 10.

Hata hivyo, dawa kuwepo ni jambo moja, na dawa kumfikia mgonjwa ni jambo lingine. Bei yake nchini Marekani ilianza kwa takriban dola 30,000 kwa mwaka, na kufikia mwaka 2012 ilikuwa takriban dola 92,000. Mwaka 2013 wataalamu zaidi ya 100 wa ugonjwa huu waliandika kwa pamoja kulalamikia bei za dawa za CML. Druker mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya India ilikataa kuipa Novartis hataza, na viwanda vingine vya huko vikaendelea kuitengeneza kwa bei nafuu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu.

Katikati ya mabishano hayo kuna habari ya wazazi wawili. Max, kijana wa Argentina, alifariki kwa CML mwaka 1991 akiwa na umri wa miaka 17. Kwa kumbukumbu yake wazazi walianzisha mfuko, na tangu mwaka 2002 mfuko huo ulishirikiana na Novartis kuwapelekea dawa bure makumi ya maelfu ya wagonjwa katika nchi maskini. Kwetu Afrika Mashariki wagonjwa waliipata Nairobi, na Dar es Salaam katika Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Basi, tunajifunza nini? Kwanza, hakuna kati ya watu hawa aliyeiona njia nzima. Nowell wakati ule hakumjua Druker, wala mama yule mwenye mkasi hakujua kwamba meza yake ya chakula ilikuwa inaandaa kidonge. Kila mmoja alitimiza sehemu yake kwa uaminifu. Pili, kitabu cha hesabu kilisema hawa ni wachache. Mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamfuata mmoja aliipiga hesabu kwa namna nyingine.

Tatu, sehemu iliyobaki ni yetu. Dawa hii humezwa kila siku, na anayeikatizakatiza bila ushauri wa daktari huupa ugonjwa nafasi ya kurudi. Kwa mgonjwa wa Kigoma, dawa ya bure iliyoko Dar es Salaam bado ina gharama: nauli, malazi, siku za kazi zilizopotea. Haya hayahitaji hadubini. Yanahitaji jumuiya ndogo ndogo inayojua kwamba jirani ana safari ya kliniki, na ikapitisha kikapu mapema. Na anayechoka bila sababu, anayekonda, anayetoka jasho usiku au kuvimba tumbo upande wa kushoto, tusimwambie tu kwamba ni bandama la malaria au mkono wa mtu. Tumsindikize hospitali, damu yake ipimwe.

Watu walifanya kazi miaka 41 ili kidonge hiki kipatikane. Isiwe kwamba kinakwama kwa kukosa nauli ya basi.

Tunawatakia nyote Dominika njema.