UZI: Kwa nini vita vya maji Kedong vilizuka Januari, si Aprili

1/ Kila msimu wa kampeni kuna mtu husimama Ewuaso Kedong akaahidi maji ya mifugo. Mwingine husimama kule juu, Mai Mahiu, akaahidi umwagiliaji. Wote wanapigiwa makofi. Shida ni moja: mto ni ule ule. Hebu tuangalie historia yake. Kama kawaida, hatutaji mwanasiasa wala chama.

2/ Mto Kedong unashuka kutoka kingo za Bonde la Ufa upande wa Kijabe, unapita Mai Mahiu, kisha unaelekea kusini kwa wafugaji wa Kajiado Magharibi. "Ewuaso" kwa Kimaasai ni mto. Mahali penyewe pamepewa jina la maji. Leo Mai Mahiu iko Nakuru, Ewuaso Kedong iko Kajiado.

3/ Januari 2005 (mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni) wafugaji walilalamika kwamba maji yamegeuzwa huko juu kumwagilia mashamba, na ng'ombe wao wamebaki na mchanga. Ugomvi ukawa vita kati ya Wamaasai na Wakikuyu. Zaidi ya watu 10 waliuawa, nyumba zikachomwa, wengi wakakimbia makwao.

4/ Tangu hapo kwenye mijadala utasikia majibu mawili. Moja, "ni ukabila." Mbili, "ni ukame tu, kazi ya Mungu." Yote yanamfaa kiongozi, kwa sababu hayamdai kitu. Lakini majirani hao walikuwepo pia Aprili, mbona hawakupigana Aprili?

5/ Aprili mvua ya masika inajaza mto. Mkulima akivuta maji, wa chini hata hajui. Kiangazi mto unaishi kwa maji kidogo yanayochuruzika kutoka ardhini. Na ndipo shamba linahitaji maji zaidi, manake mvua hakuna! Yakishanyunyiziwa kabeji, mengi yanapotelea hewani kupitia majani na udongo. Hayarudi mtoni.

6/ Ndiyo maana ukipiga hesabu ya mwaka mzima unaweza kudanganyika. Mtu atakwambia, "Mto una maji mengi, tumechukua kidogo tu." Kidogo cha mwaka kinaweza kuwa chote cha Februari.

7/ Mfano uliopimwa vizuri ni mto mwingine, Ewaso Ng'iro Kaskazini, unaotoka Mlima Kenya na Aberdare. Pale Archers Post, miaka ya 1960, wastani wa Februari ulikuwa karibu mita za ujazo 9 kwa sekunde. Miaka ya 1990 ulikuwa karibu 1. Katikati ya miaka hiyo mashamba ya umwagiliaji yaliongezeka sana huko juu. Mvua peke yake haielezi anguko hilo.

8/ Sasa swali: zamani wafugaji walifanyaje mto ukipungua? Walihama. Lakini mkataba wa 1904 na serikali ya kikoloni uliwatoa Wamaasai kwenye ardhi ya Bonde la Ufa karibu na reli, ikapewa walowezi. Njia ya kufuata maji ikazibwa. Anayewaambia leo "si mhame" ameruka miaka mia moja.

9/ Na mkulima wa juu si shetani. Ana karo ya kulipa, na mboga zake ndizo tunakula Nairobi. Kosa ni kumwachia kiangazi bila sheria. Na sheria zipo! Sheria ya Maji ya 2002, kisha ya 2016, zinataka kibali cha kuchukua maji, na zinataka kiasi fulani kiachwe mtoni kwa mahitaji ya msingi ya watu na mazingira. Kanuni za 2007 zikaleta akiba ya siku 90 kwa anayemwagilia: vuna maji ya mafuriko, weka bwawani, kiangazi uache mto upite.

10/ Kwa hivyo mgombea akija kuahidi maji, usimuulize "utatuletea?" Muulize haya matatu. Nani anapima mto Februari, na vipimo vinabandikwa wapi tuvione? Nani ana mamlaka ya kufunga mfereji wa mtu mwenye nguvu? Na je, wa juu na wa chini wanakaa kwenye chama kimoja cha watumiaji maji, au wanakutana tu siku ya mazishi?

11/ Akijibu kwa jina la kabila, jua hana jibu. Waliokufa 2005 hawakukosa kisima cha ahadi. Walikosa mtu wa kufunga bomba wiki mbili mapema.

Mwisho wa uzi. Ukiwa unatoka Mai Mahiu au Ewuaso, niambie mto wenu uko vipi leo.